Upara na Sindano za Seli Shina: Jua Kabla Hujalipa

Upara wa kurithi huanza taratibu. Kwa wanaume, nywele hurudi nyuma kwenye pembe za paji la uso na kupungua utosini; kwa wanawake, njia ya katikati huzidi kupanuka. Kwa aliyerithi hali hii, homoni ya dihaidrotestosteroni hunyong'onyesha vinyweleo mwaka hadi mwaka, mpaka vioteshe malaika tu.

Siku hizi kuna wanaouza sindano za seli shina. Mteja hufyonzwa mafuta tumboni, yakachakatwa, kisha akachomwa kichwani. Huambiwa kwamba seli zake zimekufa, na sasa anaongezewa mpya.

Maelezo hayo yana kasoro kubwa. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wakiongozwa na George Cotsarelis, walilinganisha ngozi yenye nywele na yenye upara kutoka kichwa cha mtu yuleyule. Seli shina zilikuwepo kote kuwili, kwa idadi inayokaribiana. Zilizopungua kwenye upara ni zile zinazozaliwa na seli shina ili kujenga unywele. Mbegu imo ardhini ila haichipui, na muuzaji anakuletea mbegu nyingine!

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haijaidhinisha tiba yoyote ya seli shina kwa ajili ya nywele. Madhara nayo si ya kudhaniwa. Mwaka 2018, wagonjwa 12 katika majimbo ya Texas, Florida na Arizona walilazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa za damu ya kitovu, zilizouzwa kama tiba ya seli shina.

Dawa zilizothibitishwa zipo. Minoksidili ya kupaka iliidhinishwa Marekani mwaka 1988, na vidonge vya finasteride vya miligramu 1, kwa wanaume, mwaka 1997. Zinataka subira ya miezi kadhaa, na ukiacha, nywele hupukutika tena. Mjamzito asiguse finasteride iliyovunjika, kwani inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Nywele zikinyonyoka ghafla, kwa mabaka au kwa makovu, huenda ni ugonjwa mwingine. Muone daktari wa ngozi.

Ukishawishiwa kuchomwa sindano, uliza tiba hiyo imesajiliwa na nani, na kwa ugonjwa gani. Ukiambiwa ni utafiti, omba uonyeshwe kibali cha kamati ya maadili, na uulize kwa nini mshiriki ndiye anayetozwa fedha. Usipojibiwa, usilipe.