Mahari Si Fidia ya Vita: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Familia Zinazoozesha Goma

Familia nyingi zinazoozesha binti Goma leo si zile za miaka mitano iliyopita. Ng'ombe wa Masisi hawapo. Shamba la Rutshuru linalimwa na mtu mwingine, au limeota majani. Baba mkubwa yuko Kampala, mjomba yuko Kinshasa, baba mdogo yuko ng'ambo ya mpaka wa Petite Barrière, Gisenyi, Rwanda. Mwisho wa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zikafunga milango, na uwanja wa ndege ukanyamaza. Hata hivyo vijana wanapendana na ndoa zinafungwa, na ni vizuri zifungwe. Ninayoandika hapa ni ya wazazi, ya mashangazi na wajomba wanaoketi kwenye kikao cha familia, na ya komite inayokusanya michango.

Usimbebeshe binti hasara ya vita. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Mzee aliyekuwa na malisho Masisi, na leo anapanga vyumba viwili mtaani Ndosho, ana uchungu wa haki. Lakini ng'ombe wake hawakuchukuliwa na kijana anayekuja kuposa, wala na mama wa kijana huyo ambaye naye amekimbia mara tatu. Kuna vikao ambapo orodha ya mahari huandikwa kana kwamba ni orodha ya vilivyoporwa: ng'ombe, mabati, pikipiki ya kaka, karo ya wadogo, mpaka kodi ya nyumba ya miezi sita. Kijana hakatai, kwa sababu anampenda mwenzake na anawaogopa wazee. Anakwenda kukopa. Anachukua mapema zamu yake ya likelemba, mchango wa kupokezana, anakopa kwa bosi, anakopa kwa shemeji. Bibi harusi anaingia katika nyumba yenye deni, na siku unga wa fufu unapokosekana ndipo anaposikia kwa mara ya kwanza bei aliyolipiwa. Wazazi waliodai hawapo kusikia neno hilo. Yeye yupo, na atalisikia tena.

Sheria iko wazi. Sheria ya familia ya Kongo ya 1987, iliyofanyiwa marekebisho Julai 2016, inasema mahari isiwe ya kutafuta faida, na kwamba mahari ya ishara inatosha. Inasema pia kwamba ndoa inaweza kufungwa ikiwa angalau sehemu ya mahari imekwisha kutolewa. Kwa hiyo mzee anayezuia harusi hadi senti ya mwisho ifike hasimamii sheria, na wala asidai kwamba anasimamia mila: babu zetu walipokea mahari kwa miaka, mbuzi baada ya mbuzi, na undugu ukaendelea kwa sababu deni lile lilikuwa na subira.

Bishaneni kabla wageni hawajafika. Kikao cha ndani kifanyike siku kadhaa mapema, mlango umefungwa, na msemaji wa familia atoke na kiwango kimoja tu. Wanande huhesabu mbuzi, Washi huhesabu ng'ombe, na mjini wote huishia kuwageuza kuwa dola. Mkitoka makabila mawili, semeni mapema mnahesabu nini na kwa bei ya wapi, maana ng'ombe wa Bukavu na ng'ombe wa Goma hawana bei moja. Ni aibu kubwa kumwona shangazi akisimama katikati ya maposo kukanusha alichosema msemaji wa upande wake mwenyewe.

Usiondoe vitu vidogo ili kubakiza fedha. Kitenge cha mama, koti la baba, blanketi la bibi, jembe, mfuko wa chumvi, pombe ya kasiksi kwa wazee: hivi ndivyo vinavyobaki kukumbukwa. Mkitaka kupunguza, punguzeni dola. Bibi aliyekimbia na nguo aliyovaa anapopokea blanketi mbele ya watu, anatambuliwa kuwa bado ni bibi wa nyumba hiyo.

Amueni mapema nani anapokea. Baba amefariki, au hajulikani aliko, na ghafla wanajitokeza baba wadogo wawili ambao hawakulipa karo hata ya muhula mmoja. Msingoje siku ya mahari. Pigeni simu kwa wote, waliobaki mashambani na waliovuka mipaka, andikeni karatasi ya kikao, waliopo watie sahihi na walio mbali watume sauti zao kwenye kundi la familia. Kwa maoni yangu, ambayo najua wazee wengine watayakataa, aliyemlea binti aketi mbele hata kama hakumzaa. Na mama aliyemlisha mwanawe chini ya hema la kambi ya Bulengo au Kanyaruchinya asiachwe jikoni siku hiyo akipakua sombe huku wanaume wakigawana. Aulizwe, tena kabla ya mtu mwingine yeyote, kama anaridhika na mkwe huyu.

Usilete noti yenye kasoro. Wakwe, hili ni lenu. Mnajua jinsi dola inavyopokelewa hapa: noti inashikwa kwa vidole viwili, inainuliwa dirishani, kona zinapapaswa moja moja. Noti yenye mpasuko mdogo kuliko ukucha inarudishwa, na ikirudishwa mbele ya familia mbili zilizovaa vizuri, sura ya kijana inashuka. Kagueni bahasha nyumbani. Na kwa kuwa benki si za kutegemewa, msiache kutafuta noti hadi asubuhi ya siku yenyewe, na msimtume kijana mmoja peke yake kuvuka mpaka na fedha zote mfukoni.

Usimwozeshe aliye chini ya miaka 18. Umri huo ni wa msichana na mvulana sawasawa tangu marekebisho ya 2016. Njaa ya nyumbani si ruhusa. Sina zaidi ya kusema hapo.

Muulizeni binti, na mwacheni ajibu mwenyewe. Sheria inataka kila mmoja akubali kwa kinywa chake. Swali linaloulizwa mbele ya watu 60, mahari ikiwa tayari mezani, limechelewa mno. Muulizeni akiwa peke yake na shangazi anayemwamini, wiki mbili kabla.

Nendeni komini mkaandikishe ndoa. Wengi mnafanya mahari, mnafanya kanisa au msikiti, mnakata keki, halafu mnasema komini tutaenda tukipata nafasi. Nafasi haiji. Siku mume anapokufa, mjane asiye na hati ya ndoa anasimama kwenye parseli ya mawe meusi aliyoijenga naye, na shemeji zake wanamwambia kwamba yeye ni mgeni. Mjane mwenye ndoa iliyoandikishwa ana haki ya kubaki katika nyumba waliyokaa na mumewe, na ana sheria ya kuonyesha anapofukuzwa. Ofisa wa komini atawauliza pia kuhusu mali, kwa kuwa sheria ina njia tatu: mali mliyochuma pamoja iwe yenu wote, au kila mtu abaki na chake, au vyote viunganishwe. Zungumzeni usiku kabla ya kwenda. Msitazamane mbele ya ofisa huku watu wakicheka kwa upole, kisha mkachagua iliyotajwa kwanza.

Usilazimishe sare ya kitenge. Komite hupenda kuona upande mzima wa mume umevaa rangi moja na upande wa mke nyingine, na kweli picha inapendeza. Lakini shangazi anayeuza samaki wa sambaza kwa bakuli hatakwambia kwamba hana fedha ya kitenge na ya mshonaji. Atasema anaumwa, na hamtamwona. Wekeni kitambaa kidogo cha kichwani cha rangi hiyo, agizeni mapema, mpeni bila bei.

Usipite na honi mbele ya kilio. Msafara wa magari ukitoka mtaa wa Himbi kwenda sale ya sherehe utapita kwenye nyumba nyingi, na nyingine zina msiba, turubai mlangoni na viti vya kukodi barabarani. Mtu wa pikipiki atangulie, akiona kilio apunge mkono, na magari yote yanyamaze. Mpiga tarumbeta aambiwe hivyo kabla hajapewa malipo ya awali.

Usiwapakie wageni kwenye boti iliyojaa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imezidisha watu, ilizama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, watu wakitazama kutoka ufukoni. Wageni wa Bukavu, Kalehe na Minova waje siku mbili mapema, kwa chombo kisichojaa. Komite ikishindwa kulipia nauli ya chombo kizuri, ipunguze vinywaji, isipunguze usalama wa wajomba.

Malizeni mapema. Watu wafike nyumbani kabla ya giza. Anayetaka kucheza mpaka usiku acheze mchana. Na kila familia iwe imekubaliana mahali pa kukutania ikitokea dharura: mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka jioni ya Jumamosi, 22 Mei 2021, na Jumamosi ndiyo siku yetu ya harusi. Mtu mmoja ashike bahasha ya hati na fedha, mwingine awashike wazee mkono. Majina ya wawili hao yajulikane tangu asubuhi.

Somea familia hesabu ya michango. Jumatatu baada ya harusi, komite ikae tena, bila chakula na bila bia, isome kilichoingia na kilichotoka: sale, jenereta, mpishi, mpiga picha, maji ya vidumu. Kilichobaki ni cha maharusi, si cha komite, na kiwafikie siku hiyohiyo. Wakiwa na deni la mahari, walilipe kwanza, na mzee anayepokea malipo awaandikie risiti.