Lori Ikikataa Kuwaka, Fuateni Njia ya Mafuta

Ndugu wanakikundi, mahindi yamepakiwa, stata inazunguka vizuri, lakini injini ya dizeli haishiki. Msipige stata mpaka betri iishe. Fanyeni hivi:

1. Moshi. Mmoja apige stata kidogo, mwingine aangalie bomba la moshi. Kukitoka moshi mweupe, mafuta yanafika lakini hayachomeki. Kama hakuna moshi kabisa, mafuta hayafiki. Endeleeni na hatua ya 2.

2. Tangi. Pimeni kwa kijiti kisafi. Ile geji yaweza kudanganya.

3. Filta. Legezeni skrubu ya chini na mkinge kwa chupa. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hivyo hukaa chini. Mwageni mpaka itoke dizeli tupu. Filta chafu ibadilishwe.

4. Hewa. Mafuta yakiisha njiani, hewa huingia. Legezeni skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, mpige pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, halafu mkaze. Mapovu yakirudi, tafuteni mpira uliopasuka au nati iliyolegea.

Angalieni! Msiguse paipu nyembamba za nozeli. Presha yake hupenya ngozi. Hiyo ni kazi ya fundi. Wala msinyonye dizeli kwa mdomo, ni sumu.

Ya kujadiliana: Katika kikundi chetu, ni nani anayepima mafuta kabla ya safari? Je, tumeweka akiba ya kununua filta?