Chanjo ya SIDA: mlinzi wa mlangoni na kikosi cha kuzima moto



Ulizo hili linarudi kila mara katika makambi: «Watoto wetu wanachanjwa surua na polio. Mbona chanjo ya SIDA haionekani, na miaka zaidi ya 40 imepita tangu ugonjwa ujulikane?» Wengine wanajibu kwamba imefichwa. Wengine wanasema imekwisha kupatikana na inauzwa. Majibu yote mawili ni ya uongo. Tujifunze pamoja kazi hii ni ya namna gani, inakwama wapi, na kila nyumba inapaswa kufanya nini leo.

1. MWILI UNAJILINDA NAMNA GANI?

Fikiri juu ya mgodi wa chini ya udongo. Mlangoni kuna mlinzi: anazuia mtu kuingia na kitu cha kuleta moto. Lakini kama moto umekwisha kuwaka ndani, mlinzi wa mlangoni hawezi kitu. Hapo kunatakiwa kikosi cha kuzima moto.

Mwili pia una ulinzi wa namna mbili. Mlinzi wa mlangoni ni kingamwili. Zinatembea katika damu na kumshika adui kabla hajaingia ndani ya seli. Akiisha kuingia, haziwezi kumfikia.

Kikosi cha kuzima moto ni seli T. Zile zinazoitwa CD4 ni kapita: zinatoa amri na kuita wengine. Zile zinazoitwa CD8 ndizo zinazoshika kazi yenyewe: zinaua seli iliyoingiliwa, pamoja na virusi vilivyo ndani yake. Zinaitambuaje? Kila seli inaonyesha juu ya ngozi yake vipande vidogo vya vitu vilivyomo ndani, kama mfanyakazi anayefungua mfuko wake mbele ya mlinzi. CD8 ikiona kipande cha kigeni, inapiga.

Chanjo ni mazoezi. Inauonyesha mwili sura ya adui bila kumleta adui mwenyewe, ili siku atakapokuja askari wawe tayari.

2. KWA NINI KIRUSI CHA SIDA NI KIGUMU?

Kuna sababu tatu.

a) Kinampiga kapita mwenyewe. Kirusi hiki kinaingia hasa katika seli CD4, zile zinazotoa amri.

b) Kinabadili nguo kila siku. Kingamwili zilizojifunza sura yake ya jana hazimtambui leo.

c) Kinajificha upesi. Siku chache tu baada ya kuingia, kinaandika maagizo yake ndani ya seli na kulala humo, kama kaa la moto chini ya majivu. Dawa tulizo nazo zinazuia moto kuenea, lakini hazifikii kaa lililolala. Kwa hiyo mgonjwa akiacha dawa, moto unarudi.

Ndiyo maana waganga wanatafuta chanjo ya kuamsha seli T zenye nguvu: kikosi kifike katika siku zile za kwanza, kabla makaa hayajatawanyika.

3. MAJARIBIO YALIYOFANYWA

Nchi yetu imo katika habari hii tangu zamani. Damu ya zamani kuliko zote iliyopatikana na kirusi hiki ilichukuliwa Kinshasa mwaka 1959, wakati mji ungali unaitwa Léopoldville. Na mwaka 1987 Mfaransa Daniel Zagury alitangaza kwamba alijichanja mwenyewe na kuchanja watu wachache wa Zaire. Kazi hiyo haikuleta chanjo ya kukinga watu.

Jaribio kubwa la kwanza la chanjo ya seli T liliitwa STEP. Lilianza mwaka 2004 na watu 3,000 wa Amerika, visiwa vya Karibi na Australia. Walichukua kirusi cha mafua kisichoweza tena kuzaana, wakakibebesha vipande vitatu vya kirusi cha SIDA. Seli T ziliamka kwa watu wengi. Lakini mwezi wa Septemba 2007 jaribio lilisimamishwa: chanjo haikukinga. Tena, kati ya wanaume wasiotahiriwa na wale ambao miili yao ilikwisha kuyajua mafua hayo, waliochanjwa waliambukizwa zaidi kuliko waliopewa sindano isiyo na chanjo. Chanjo yenyewe haikuwapa SIDA, kwa sababu vipande vitatu haviwezi kufanya kirusi kizima. Lakini somo lilikuwa zito: kuamsha askari wengi si sawa na kulinda nyumba.

Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya Thailand, kwa watu zaidi ya 16,000. Maambukizo yalipungua kwa kadiri ya 31 kwa 100. Ni kidogo, hayatoshi kuitoa chanjo kwa watu, na walipochunguza waliona kingamwili ndizo zilizohusika zaidi. Karibu na sisi, katika Zambia na nchi nyingine nne za kusini, wanawake zaidi ya 2,600 waliingia katika jaribio la Imbokodo. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba nayo haikukinga vya kutosha.

Tumaini limebaki wapi? Huko Oregon, Marekani, kikosi cha munganga Louis Picker kilitumia kirusi kingine, kile kinachokaa mwilini maisha yote na kuziacha seli T macho siku zote. Nyani waliochanjwa walipewa kirusi kinachofanana na cha SIDA. Zaidi ya nusu yao waliushinda moto, na baadaye kirusi hakikuonekana tena mwilini mwao. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2013. Mwaka 2023 jaribio la chanjo ya namna hiyo kwa watu lilianza Marekani na Afrika Kusini. Lakini mtu si nyani, na kazi ni ndefu.

Tena kuna watu wachache sana, hawafiki 1 kwa 100 ya walioambukizwa, ambao miili yao inakishika kirusi bila dawa. Kwa wengi wao seli CD8 zinapiga sehemu ambazo kirusi hakiwezi kuzibadili bila kujidhoofisha. Chanjo inayotafutwa inapaswa kufundisha miili yetu sote kupiga hapo hapo, pamoja na kuweka mlinzi imara mlangoni.

4. JUA HILI

• Leo hakuna chanjo ya SIDA. Anayekuuzia ni mwizi wa pesa yako na wa maisha yako.

• Kuna sindano ya lenacapavir, inayopigwa mara mbili kwa mwaka. Hiyo ni dawa ya kukinga, si chanjo. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba katika Afrika Kusini na Uganda wanawake 2,134 waliipata na hata mmoja hakuambukizwa. Lakini haifundishi askari wa mwili: dawa ikiisha mwilini, ulinzi umekwisha.

• Mtu akikuita katika jaribio la chanjo, ni haki yako kuelezwa yote, kukubali au kukataa, na kutoka siku unayotaka. Anayejaribiwa aendelee kutumia kapoti, maana hajui kama alipewa chanjo ya kweli.

• Aliyeambukizwa anywe dawa zake kila siku. Kirusi kikipungua hata kisionekane katika damu, hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Mama mwenye mimba apimwe mapema, ili mtoto akingwe.

• Mtu wa mgodi ana sababu zaidi. Seli CD4 ndizo zinazozuia kifua kikuu, na vumbi la mawe linaharibu ulinzi wa mapafu. SIDA na vumbi vikikutana, hatari inazidishwa. Mwaga maji juu ya mawe, vaa kinga ya pua, na ujipime. Ukikohoa zaidi ya majuma mawili, nenda lopitalo.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Seli CD8 inatambuaje seli iliyoingiliwa?
2. Kwa nini kikosi cha kuzima moto kinapaswa kufika katika siku za kwanza?
3. Jaribio la STEP lilitufundisha nini?
4. Sindano ya kukinga na chanjo vinatofautianaje?

Someni maulizo haya nyumbani, baba, mama na vijana wakubwa, kila mmoja ajibu kwa maneno yake. Katika mgodi hatungoji mashine mpya ndipo tuvae kofia ngumu. Tunavaa ile tuliyo nayo. Na kwa SIDA ni vile vile: waganga waendelee kutafuta, na sisi tutumie leo ulinzi uliopo.