Nehemia Alikuwa na Orodha: Kujiandaa kwa Misheni Ng'ambo Ukiwa Dadaab

Tuseme wewe ni mwalimu au muuguzi, ulikuja Dadaab kutoka Meru au Machakos, una mwenzi na watoto watatu. Mmeomba kwa muda mrefu, na sasa kanisa lenu limekubali kuwatuma nchi nyingine kwa kazi ya misheni. Usiku wa kwanza ni wa furaha. Usiku wa pili mtoto anauliza, "Tunaenda lini?" na hapo mnagundua kwamba nyumba nzima haina pasipoti hata moja.

Wengi huanza kwa kuuliza: je, kuhangaikia makaratasi si upungufu wa imani? Mkumbuke Nehemia. Aliomba na kufunga tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani, miezi minne hivi. Mfalme alipomuuliza haja yake, aliomba tena kimoyomoyo, kisha akataja muda atakaokuwa safarini, akaomba barua za kupitia kwa maliwali, na barua nyingine ya kupewa miti. Majibu yale hayakumjia pale pale. Hesabu alikuwa amezipiga katika siku za kufunga. Kwa hiyo ombeni, na huku mkiomba, kalamu iwe mkononi.

Tuanze wapi? Kwa watoto. Watu wazima wengi tayari wana vitambulisho. Kinachochelewesha safari ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto ambacho hakikuwahi kuchukuliwa, au kilichoandikwa jina kwa tahajia nyingine. Viweke vyeti vyote mezani, usome jina moja moja, herufi kwa herufi, ukilinganisha na vitambulisho vya wazazi. Ukiona kosa, lirekebishe sasa kwa msajili wa vizazi na vifo. Ofisa wa visa akiona "Mwende" huku na "Muende" kule, hatajua kwamba ni mtoto yule yule.

Vyeti vikiwa sawa, ingia eCitizen uombe pasipoti. Tangu Machi 2024, pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, bila kuhesabu ada ndogo ya mtandao. Familia ya watu watano basi itenge 37,500 kwa pasipoti peke yake. Utahitaji cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, vyote halisi pamoja na nakala, picha, na mpendekezaji, yaani Mkenya anayekufahamu na aliye tayari kutoa nakala ya kitambulisho chake. Kwa mtoto, wazazi wote wawili watoe idhini. Kila mmoja lazima afike mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole na picha, na ofisi ya kwenda utaichagua ndani ya mfumo. Kutoka hapa hadi mjini Garissa ni kama kilomita 100, na kutoka Garissa hadi Nairobi ni zaidi ya 350. Chagueni siku moja kwa familia nzima. Nauli ya kurudi mara ya pili kwa sababu ya picha iliyosahaulika inauma kuliko ada yenyewe.

Cheti cha ndoa kinasahaulika mno. Kama mlifunga ndoa kwa mila, au kanisani lakini hamkuchukua cheti cha serikali, balozi nyingi hazitamtambua mwenzi wako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaruhusu ndoa ya kimila kusajiliwa, kwa hiyo nendeni kwa msajili wa ndoa. Wapo wanaoona aibu kusajili ndoa ya miaka kumi na tano. Aibu hiyo ni ya siku moja tu.

Je, visa ya utalii haitoshi, halafu mengine tuyaone huko? Hapana. Kuingia nchi ya watu kwa kusema unatembea, kumbe unakwenda kuhubiri au kufundisha, ni uongo, hata ukisindikizwa na sala. Kila nchi ina kibali chake. Uganda, kwa mfano, Mkenya huingia kwa kitambulisho tu, ila kuishi na kufanya kazi kunahitaji kibali. Marekani ina visa ya R-1 kwa watumishi wa dini. Ombi lake linaanzishwa na kanisa la kule, si wewe, na lazima uwe umekuwa mshiriki wa dhehebu hilo kwa miaka 2 au zaidi. Kibali cha kwanza huwa cha hadi miezi 30, na jumla haizidi miaka 5. Mwenzi na watoto hupewa R-2, ambayo hairuhusu kuajiriwa. Sikia vizuri hapo: kama bajeti yenu inategemea mshahara wa mama, huko Marekani hautakuwepo. Ada ya visa hiyo ni dola 205 kwa kila mtu, na hairudishwi hata ukinyimwa. Uingereza nayo humtaka Mkenya anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6 apimwe kifua kikuu kwanza, na kipimo hufanyika Nairobi kwenye kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji.

Nchi nyingi zitataka pia cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi wa upelelezi, DCI. Kinalipiwa kwa eCitizen, shilingi 1,050, kisha unakwenda kutoa alama za vidole.

Kuhusu afya, historia ya pwani yetu inafundisha kwa machungu. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Miezi michache haikupita kabla ya homa kumwua Rosine na mtoto wao mchanga. Walikuwa watu wa imani kubwa, lakini dawa tulizo nazo leo hazikuwepo. Ninyi mnazo. Watoto waliokulia kwenye ukavu huu wa Dadaab hawajazoea malaria, kwa hiyo mkienda Kongo au nchi nyingine yenye mbu wengi, muulizeni daktari dawa za kinga, mbebe na vyandarua. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kadi yake ya manjano sasa hudumu maisha yote, basi iwekeni pamoja na pasipoti. Bima ya SHA msiitegemee kulipia kliniki ya huko. Tafuteni ya nchi mnayokwenda.

Pesa je? Ahadi za harambee ni tamu siku ya harambee. Ombeni kanisa liandike barua inayosema kiasi cha kila mwezi, kwa muda gani, na nani atalipa nauli ya kurudi kukitokea msiba. Mchungaji mwema hatachukia kuulizwa. Kama wewe ni mwalimu wa TSC, omba likizo bila malipo, na usiondoke kabla ya jibu la maandishi, maana kuondoka kimya huhesabiwa utoro. Kila mwaka, kabla ya Juni 30, jaza ripoti ya KRA hata kama hukupata kitu. Kuchelewa ni faini isiyopungua shilingi 2,000. Na laini yako ya simu isizime, kwa sababu namba za siri za benki na eCitizen hutumwa humo.

Mtoto akiwa Gredi ya 9, ningewashauri mngoje amalize mtihani, kama kanisa linaweza kuvumilia.

Wapo pia ndugu zetu Wakristo walio ndani ya kambi za wakimbizi hapa Dadaab, Waethiopia, Wasudani Kusini, Wakongo, wanaosikia wito huo huo. Njia yao ni nyingine. Mkimbizi hapewi pasipoti ya Kenya. Huomba hati ya kusafiria ya wakimbizi kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, na kutoka kambini kunahitaji kibali cha safari. Kuhamishiwa nchi ya tatu hakununuliwi. Kwa kawaida UNHCR ndiyo hupendekeza majina, nchi inayopokea huamua, na huduma za UNHCR zote ni bure. Mpango wa Marekani ulisimamishwa Januari 2025, kwa hiyo anayekuambia ana nafasi ya Minnesota kwa laki moja anataka laki yako tu.

Huyo mukhalas, yaani dalali wa makaratasi, hata Wakenya huwafuata. Atasema anamjua mtu ndani, hata kwamba Mungu ndiye aliyemleta kwako. Mwombe risiti ya eCitizen yenye jina lako. Akikosa, mshukuru kwa adabu na umwache aende.

Jirani yako Mwislamu akisikia habari zako atasema inshallah, naye atakuwa amesema kweli. Agana naye vizuri, umlipe deni la dukani. Kisha kesho asubuhi, kabla hujampigia yeyote simu ya kuaga, toa vyeti vya watoto kwenye sanduku uviangalie majina.