Somo la 14: Ngeli za Mahali (PA-, KU-, MU-)

Walimu tarajali wengi huja chuoni wakijua kwamba kiambishi -ni huigeuza nomino kuwa ya mahali: kituo huwa kituoni. Hata hivyo, -ni peke yake haituambii kama mahali hapo ni dhahiri, si dhahiri au ni ndani. Kazi hiyo hufanywa na upatanisho. Tusome kifungu kifuatacho, kisha tuchunguze jambo hilo.

Kifungu

Mjini Utrecht, nchini Uholanzi, wasafiri wengi huenda kituo cha treni kwa baiskeli. Mbele ya kituo kikuu pana uwanja, na chini ya uwanja huo pamejengwa maegesho ya baiskeli yenye orofa tatu. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2017. Ujenzi ulipokamilika mwaka 2019, mle mlikuwa na nafasi 12,500. Msafiri huingia humo akiwa bado juu ya baiskeli, na vibao vya taa humwonyesha kulikobaki nafasi. Mna wahudumu wanaolinda, mna fundi wa baiskeli, na mna baiskeli za kukodi kwa wanaoshuka kwenye treni. Maegesho hayafungwi usiku, na saa 24 za kwanza hazilipiwi.

Maelezo

1. Tuchukue msafiri aliyerudi jioni asiione baiskeli yake. Anamwuliza mhudumu ilipo. Majibu matatu yanawezekana:

(a) Ipo kituoni. Mhudumu anajua hasa ilipo, na anaweza kuelekeza kwa kidole.
(b) Iko kituoni. Ipo mahali fulani katika eneo la kituo. Pengine ndani, pengine nje ya uzio.
(c) Imo kituoni. Imehifadhiwa ndani.

Neno kituoni halikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni -po, -ko na -mo. Jibu (c) humtuliza mwenye baiskeli, ilhali jibu (b) humwacha na wasiwasi wake.

2. Nomino ikishapewa -ni, ngeli yake ya asili haitawali tena sentensi. Kwa hiyo *Kituoni chetu kinalindwa si sahihi. Tuseme: Kituoni petu panalindwa, Kituoni kwetu kunalindwa, au Kituoni mwetu mnalindwa. Tukitaka kubaki na ngeli ya KI-VI, tuondoe -ni: Kituo chetu kinalindwa.

Kwa mwalimu

Mwanafunzi anayezungumza Kinyarwanda, Kirundi au Kiganda tayari anatumia mu na ku kabla ya nomino. Tuanzie hapo. Mu yake itamsaidia kuelewa mna, humu na mwetu. Ku yake, hata hivyo, inahitaji uangalifu, kwa sababu huonyesha pia juu ya kitu, ambapo Kiswahili sanifu hupendelea PA-: Mezani pana kitabu.

Tukumbuke pia kwamba katika mazungumzo ya miji mingi ya eneo letu, iko hutumika badala ya ipo na imo, na hata badala ya ni. Tusimkejeli mwanafunzi kwa matumizi hayo. Tumwonyeshe maana anayoikosa, kama tulivyofanya kwa msafiri wetu.

Zoezi

1. Chagua umbo linalofaa, kisha ueleze sababu:
(i) Baiskeli (ipo, iko, imo) mle orofani.
(ii) Kituoni pale (pana, kuna, mna) fundi mmoja.
(iii) Sijui funguo zangu (zipo, ziko, zimo) wapi.

2. Sahihisha: *Sokoni letu lina maegesho mazuri.

3. Tembelea kituo cha mabasi kilicho karibu na chuo chako. Chunguza wasafiri huacha wapi baiskeli zao na nani huzilinda. Andika aya moja yenye upatanisho wa PA-, KU- na MU-, kisha uitumie kuandaa somo la dakika 40.