Jina la Norton liliuzwa, madeni yakabaki

KAREMA – Mwenye TVS inayobeba dagaa kutoka mwaloni Karema kwenda Mpanda huenda hajui kuwa kampuni iliyotengeneza pikipiki yake ndiyo pia inayomiliki Norton, mojawapo ya majina makongwe ya pikipiki za Uingereza. TVS Motor ya India ililinunua jina hilo Aprili 2020 kwa pauni milioni 16.

Kwa mwenye akiba anayetafuta hisa, mauzo hayo yanafaa kuchunguzwa kwa makini.

Norton ilianzishwa Birmingham mwaka 1898. Miaka ya 1970 viwanda vya pikipiki vya Uingereza vilizidiwa na vya Japani, ambavyo pikipiki zake ziliwaka kwa kubonyeza kitufe na hazikuvuja mafuta. Jina la Norton likapita mikono mingi, hadi mwaka 2008 liliponunuliwa na mfanyabiashara Mwingereza.

Hapo ndipo akiba za watu zilipoingia. Zaidi ya watu 200 waliweka fedha zao za uzeeni katika mifuko mitatu ambayo mdhamini wake alikuwa mmiliki huyo huyo wa Norton. Fedha zikanunua hisa za upendeleo za kampuni yake mwenyewe. Yaani mlinzi wa fedha na mkopaji walikuwa mtu mmoja. Januari 2020 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na mwaka 2022 mahakama ya Derby ikampa mmiliki huyo kifungo cha miezi minane kilichoahirishwa.

TVS ilinunua mali, yaani jina, michoro na vifaa. Haikununua kampuni, hivyo deni la wenye akiba lilibaki kwa kampuni ya zamani. Ni sawa na mchuuzi wa Karema anayenunua kibao cha duka maarufu pamoja na friza zake. Mvuvi aliyemkopesha dagaa mwenye duka wa kwanza hawezi kumdai huyu mpya, isipokuwa mkataba wa mauzo uwe umesema hivyo. Wengi huuliza bei tu, mkataba hawausomi.

Jina lenyewe lilifufuka kweli. Kiwanda kipya kilifunguliwa Solihull mwaka 2021, na mwaka uliofuata TVS ilitangaza kutia pauni milioni 100.

Triumph ilikwenda kwa njia nyingine. Ilipofilisika mwaka 1983, mjenzi wa nyumba John Bloor alinunua jina, akakaa kimya miaka kadhaa akitayarisha injini mpya, kisha akaanza kuuza mwaka 1991 kutoka Hinckley. Tangu 2023 baadhi ya pikipiki za Triumph hutengenezwa India na Bajaj, watengenezaji wa Boxer.

Hisa za TVS Motor na za Bajaj Auto huuzwa katika masoko ya Mumbai, si Dar es Salaam.