Gari la Kikundi Likikataa Kuwaka Likiwa Moto

Somo hili ni la vikundi vyenye pikapu ya zamani ya petroli, ile Peugeot 504 au Datsun 1200 inayobeba maziwa asubuhi, nyanya mchana, na usiku mgonjwa akizidiwa. Asubuhi inawaka vizuri. Inafika sokoni, inazimwa robo saa mizigo ishushwe, halafu inakataa. Watu wanasukuma, fundi anaitwa, na kabla hajafika gari limeshawaka lenyewe. Wiki ijayo ni hivyo hivyo. Kikundi kinachanga, kinanunua betri mpya. Bado. Kinanunua stata. Bado. Pesa ya mbolea imekwisha, na huenda ubaya ulikuwa kwa kitu kidogo cha kushikwa na vidole viwili.

Shida ni kwamba ugonjwa huu hujificha gari likipoa. Ukizima injini, feni inasimama na maji hayazunguki tena, lakini chuma bado kina moto mwingi. Moto huo hupanda kwa kabureta, kwa pampu ya petroli na kwa koili. Kwa hivyo dakika kumi hadi ishirini baada ya kuzima, vitu hivyo huwa na joto kuliko wakati gari lilipokuwa likitembea. Saa moja baadaye yote yamepoa, na fundi anayekuja wakati huo anapima gari lisilo na ugonjwa. Mpimaji wa kweli ni dereva, hapo hapo barabarani.

Kwanza tahadhari. Weka gia huru na breki ya mkono, usifungue kifuniko cha rejeta, na asiwepo mtu wa sigara karibu.

Je, injini inazunguka?

Hili ndilo swali la kwanza, na mtu asinunue chochote kabla ya kulijibu. Kuna gari ambalo stata inalia "ka!" tu, au inazungusha kwa uchovu. Na kuna gari ambalo injini inazunguka vizuri lakini haishiki. Hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa.

Kama inazunguka kwa uchovu, angalia nyaya kabla ya kulaumu betri. Shaba ikipata joto hupitisha umeme kwa shida zaidi: kutoka nyuzi 20 mpaka nyuzi 100, ugumu wake huongezeka karibu theluthi moja. Stata nyingi zimekaa karibu na ekzosi. Ikiwa waya wa athi tayari una kutu, asubuhi stata itavumilia, lakini ikiwa moto itashindwa. Fungua vichwa vya betri, visugue kwa msasa mpaka ving'ae, kisha ufanye vivyo hivyo pale waya wa athi unapofungwa kwa injini. Mwenye mita ya umeme aiweke kwa volti, ncha moja kwa nguzo hasi ya betri, nyingine kwa chuma cha injini, mwenzake apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, njia ya athi ni mbaya. Ikiwa njia zote ni safi na betri ina chaji, hapo ndipo stata ifunguliwe iangaliwe busi na brashi zake.

Mara nyingine stata inapiga teke, kama mtu anairudisha nyuma. Toa ule waya mwembamba unaotoka kwa swichi kwenda kwa koili, ufunike ncha yake usiguse chuma, upige tena. Ikizunguka laini sasa, stata ni nzima. Taimingi ndiyo iliwekwa mbele mno.

Inazunguka lakini haishiki

Hapa tafuta moja kati ya mawili: moto wa plagi au petroli. Anza na pua. Ukisikia harufu kali ya petroli kwa kabureta, injini imelewa. Madereva wengi hapo hupampu akseleta, wakizidi kuilewesha. Kanyaga akseleta mpaka chini, ushikilie hapo bila kupampu, upige stata kwa sekunde chache. Ikishika na kutoa moshi mweusi, umepata jibu: petroli inachemka ndani ya kabureta na kumwagika, au sindano ya floti imeisha. Angalia pia chini ya kabureta. Magari mengi yalitoka kiwandani na kipande kinene hapo cha kuzuia joto. Kikivunjika, wengine huweka karatasi tu ya gasketi, na kuanzia siku hiyo gari linasumbua.

Kama hakuna harufu, toa kifuniko cha ekleana, uangalie ndani ya kabureta huku mwenzako akikanyaga akseleta, injini ikiwa imezimwa. Petroli iruke kama uzi. Isiporuka, fungua kwanza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, tundu la kifuniko limeziba, na dawa ni pini tu. Kama sivyo, huenda petroli imegeuka mvuke ndani ya pampu au paipu. Sehemu za juu kama Timboroa na Kinangop jambo hili ni jepesi kutokea, kwa sababu ukipanda mlima vitu vya maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Funga kitambaa chenye maji baridi kwa pampu, ungoje dakika tano, ujaribu.

Petroli ikiwepo, pima moto. Rudisha kifuniko cha ekleana kwanza, na kama petroli imemwagika usipime mpaka ikauke. Toa waya mmoja wa plagi, uchomeke kwa plagi ya akiba, uilaze kwa chuma cha injini mbali na kabureta, wala usiishike kwa mkono. Mwenzako apige stata. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Ikiwa ya manjano na nyembamba, au haipo kabisa, shuku kondensa na koili, kwani vyote viwili hufa vikipata joto na kufufuka vikipoa. Pointi zilizoungua sana huonyesha kondensa. Anza na hiyo, maana ni rahisi. Koili ipozwe kwa kitambaa chenye maji kwenye mwili wake tu, si kwa nyaya. Cheche ikirudi, umeipata.

Lakini poza kitu kimoja tu kwa wakati mmoja! Ukimwagia maji pampu na koili pamoja, gari litawaka, utafurahi, na hutajua ni kipi kilichokuwa kibaya.

Dereva awe na daftari ndani ya gari, aandike: lilizimwa saa ngapi, lilikaa dakika ngapi, stata ilizungusha au la, cheche rangi gani, petroli iliruka au la, na ni kitu gani kilichopozwa likawaka. Fundi apewe daftari hilo kabla ya kupewa spana.

Ya kujadiliana katika mkutano: Mwaka uliopita tulinunua vipuri gani vya gari, na kipi kilipimwa kabla ya kununuliwa? Vile vya zamani viko wapi sasa, na je, kuna mtu amevijaribu tena?